Kibandiko cha Dada: Tiba ya Homoni na Titi la Mwanamke Aliyekoma Hedhi

Hotuba iliyotolewa kwa mkutano wa walimu wanawake katika ukumbi wa kanisa mtaani South B, Nairobi, na kuandikwa baadaye na mzungumzaji mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, na nyinyi waume watatu niliowaona mmeketi karibu na mlango kana kwamba mmejiandaa kutoroka, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze kuhusu dawa za homoni ambazo mwanamke hutumia hedhi inapokoma, na Katibu wenu aliniandikia swali kwa maneno machache sana: je, dawa hizi zinaleta saratani ya matiti au hazileti? Nitalijibu, lakini nawaomba mnivumilie nikianza kwa kulikataa jinsi lilivyoulizwa, kwa sababu linadhani kwamba tiba ya homoni ni dawa moja, ilhali ni ukoo mzima wa dawa, na ndani ya ukoo huo wapo wanaoligusa titi kwa nguvu, wapo wanaoligusa kidogo, na wapo ambao titi halijui hata kama wamepita.

Mwaka jana mama mmoja wa miaka 53, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina, aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na vibandiko vya ngozi vya estrojeni, homoni kuu ya kike, alivyotumiwa na dada yake anayeishi Marekani. Dada huyo alikuwa ametumia vibandiko vya namna hiyo kwa miaka 4, joto la ghafla likaisha, usingizi ukamrudia, na daktari wake akamwambia kwamba kwa upande wa matiti hana sababu ya kuogopa sana. Huyu wa Nairobi naye alikuwa akiamka saa nane za usiku shuka zimelowa, akivua sweta darasani Julai wakati wanafunzi wake wanatetemeka kwa baridi. Akavibandika tumboni kwa miezi 14 na akapata nafuu ileile. Kilichomleta kwangu ni damu, iliyoanza kutoka miaka 3 baada ya hedhi yake kukoma. Tofauti iliyokuwa na maana kati ya ndugu hao wawili ilikuwa moja: yule wa Marekani alitolewa kizazi akiwa na miaka 44 kwa sababu ya uvimbe wa faibroidi, na huyu wa Nairobi bado alikuwa na chake.

Mnaweza kuniuliza kizazi kinahusianaje na matiti, ambayo ndiyo mada ya leo. Kinahusiana kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja asubuhi hii, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Titi la mwanamke limejengwa kwa vishada vya tezi za maziwa, mirija inayoyapeleka maziwa hayo kwenye chuchu, nyuzinyuzi zinazoshikilia vyote pamoja, na mafuta yanayojaza nafasi iliyobaki. Tezi hizo huishi kwa amri za homoni zinazotoka kwenye ovari, jambo ambalo daktari mmoja wa Glasgow, George Beatson, aliliona mwaka 1896 alipoeleza kwamba baadhi ya saratani za matiti zilinywea baada ya mgonjwa kutolewa ovari, kabla dunia haijajua hata neno homoni. Ovari zinapostaafu, vishada hupungua na mafuta huchukua nafasi yake. Titi la mama wa miaka 60 asiyetumia homoni mara nyingi huwa laini zaidi kuliko alipokuwa na miaka 30, na hilo si ugonjwa. Ni kiwanda kilichofungwa kwa sababu kazi imekwisha.

Sasa, kila mwanamke humu ndani aliyewahi kuona hedhi anakumbuka ile wiki ya mwisho kabla ya damu, matiti yanapojaa, yanapouma, na sidiria ya jana inapobana. Hiyo ndiyo nusu ya mwezi ambayo projesteroni, homoni ya pili ya ovari, huwa juu, na wachunguzi waliopima tishu za matiti wamekuta kwamba ndipo seli za tezi hugawanyika kwa wingi zaidi. Ndani ya nyumba ya uzazi mambo huenda kinyume kabisa. Huko estrojeni ndiyo inayojenga utando, na projesteroni ikija huuzuia usiendelee kunenepa. Kwa hiyo homoni ileile inayouambia utando wa uzazi kwamba basi, inatosha, ndiyo inayoziambia tezi za titi ziamke. Hata namna inavyoziamsha inashangaza, kwani mara nyingi seli inayogawanyika si ile yenye kipokezi cha homoni; yenye kipokezi hupokea habari, kisha hutoa kemikali inayomsukuma jirani yake, mithili ya mama anayepokea simu ya ploti nzima halafu akapaza sauti uani. Mkilishika hilo, mengine yote nitakayosema yatajipanga yenyewe.

Vidonge vya estrojeni si vya juzi. Premarin, iliyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, iliidhinishwa Marekani mwaka 1942, na kwa miongo mitatu iliyofuata wanawake wengi waliimeza peke yake. Mwaka 1975 ripoti za kitabibu kutoka Marekani zilionyesha kwamba wanawake wenye kizazi waliotumia estrojeni bila mwenzake walikuwa wakipata saratani ya utando wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wengine. Dawa ya kuuzuia utando huo ikaongezwa. Tunaziita projestojeni, na kundi hilo lina projesteroni yenyewe, kama ile ya mwilini, pamoja na binamu zake waliotengenezwa maabara. Tangu hapo ikawa kanuni: mwenye kizazi hupewa estrojeni na projestojeni, asiye na kizazi hupewa estrojeni peke yake. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya uzazi. Titi halikuulizwa.

Jibu la titi lilikuja mwaka 2002, na nadhani wengi wenu mlilisikia kwa njia ya habari za kutisha. Utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa Women's Health Initiative ulikuwa na majaribio mawili yaliyokwenda sambamba. Katika la kwanza waliingia wanawake 16,608 wenye kizazi, wenye umri wa kati ya miaka 50 na 79, nusu wakipewa estrojeni ya farasi pamoja na projestojeni ya kutengenezwa iitwayo medroksiprojesteroni, na nusu wakipewa kidonge bandia kisicho na dawa ndani. Katika la pili walikuwamo wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa kizazi, na hao walipewa estrojeni ileile peke yake au kidonge bandia. Jaribio la kwanza lilisimamishwa Julai 2002, baada ya wastani wa miaka 5 na kidogo, kwa sababu saratani za matiti zilikuwa zimezidi. Magazeti yaliandika asilimia 26, na asilimia 26 ni namba inayomfanya mtu amwage vidonge chooni usiku huohuo. Lakini fungueni namba hiyo mwone kilichomo ndani yake: kati ya wanawake 10,000 waliomeza kidonge bandia kwa mwaka mmoja, 30 walipata saratani ya matiti, na kati ya 10,000 waliomeza dawa, 38. Ni nyongeza ya 8. Kwa yule anayeipata si 8, ni yeye mzima, nami sitaidharau. Ila ni vyema mtu aamue akiwa na namba kamili mkononi.

Jaribio la pili lilisimamishwa mwaka 2004, nalo lilileta habari ambayo hadi leo haijafika mbali kama ile ya kwanza, pengine kwa sababu habari njema haina miguu. Waliomeza estrojeni peke yake hawakupata saratani ya matiti kwa wingi zaidi. Walipata kwa uchache: 26 kwa kila 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 33 waliokuwa kwenye kidonge bandia. Wakati huo wachunguzi wenyewe walisita kuamini kwamba upungufu huo ni wa kweli. Wanawake hao wakaendelea kufuatiliwa, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2020, zaidi ya miaka 20 tangu waanze, ikasema kwamba kundi la estrojeni peke yake bado lilikuwa na saratani chache zaidi, na vifo vitokanavyo na saratani ya matiti vilikuwa vimepungua kwa asilimia 40, wakati kundi la dawa mbili liliendelea kuwa juu kwa kuugua. Estrojeni ile ile, kipimo kile kile, nchi ile ile. Wanawake wa makundi hayo mawili hawakufanana kwa kila kitu, lakini kwa upande wa dawa kilichobadilika ni mwenzake.

Hapo ndipo ninapotamani ningeweza kusema mambo yamekwisha. Hayakwisha. Uingereza, utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya milioni moja ulichapishwa mwaka 2003 na kuonyesha kwamba hata estrojeni peke yake iliongeza hatari kidogo, ingawa dawa mbili kwa pamoja ziliiongeza zaidi sana. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lilikusanya tafiti 58 na kupiga hesabu ambayo huwa naichora kwenye karatasi kwa wagonjwa wangu. Wachukueni wanawake 1,000 wa nchi kama za Ulaya wasiotumia homoni: kati ya umri wa miaka 50 na 69, 63 kati yao watapata saratani ya matiti. Wakitumia estrojeni na projestojeni ya kila siku kwa miaka 5 kuanzia wakiwa na miaka 50, idadi hiyo hufika 83. Projestojeni ikitumiwa siku kadhaa tu za mwezi, hufika 77. Estrojeni peke yake, 68. Waliotumia kwa chini ya mwaka mmoja hawakuwa na nyongeza kubwa, na waliotumia kwa muda mrefu walibaki na sehemu ya nyongeza hiyo kwa zaidi ya miaka 10 baada ya kuacha.

Kwa nini basi jaribio la Marekani lilisema estrojeni peke yake inapunguza, na tafiti za kufuatilia watu zikasema inaongeza kidogo? Zipo sababu kadhaa zinazotajwa, na kwangu mimi yenye uzito ni umri wa titi lenyewe. Wanawake wa jaribio lile walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wao wamekaa zaidi ya miaka 10 bila homoni, na maabara zimeonyesha kwamba seli za saratani zilizokaa muda mrefu bila estrojeni zinaweza kufa zinaporudishiwa estrojeni ghafla. Wanawake wa Uingereza wengi wao walianza dawa hedhi ilipokoma tu, bila pengo. Tena wengi wa wanawake wa Marekani walikuwa na uzito mkubwa, na mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni yake yenyewe, kwa hiyo dawa kutoka nje haiongezi jambo kubwa. Tafiti za Ulaya nazo ziliona vivyo hivyo: hatari ya estrojeni ilijitokeza zaidi kwa wanawake wembamba. Sihitaji kuwaambia kwamba hilo si ruhusa ya kunenepa, kwa kuwa unene baada ya hedhi kukoma huongeza saratani ya matiti hata bila kidonge chochote. Ila mnaona kwamba tafiti hizi zinazogombana zinakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kwa titi, mchanganyiko una uzito zaidi kuliko estrojeni peke yake.

Swali linalofuata ni kama projestojeni zote ni sawa. Medroksiprojesteroni, ile ya utafiti wa Marekani, wengi wenu mnaifahamu bila kujua kwamba mnaifahamu, kwa maana ndiyo iliyomo ndani ya Depo, sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi 3. Msikimbie na hilo mkaenda kuwatisha binti zenu. Kipimo ni kingine, umri ni mwingine, na hesabu za faida na hasara ni tofauti kabisa. Ninalotaka mshike ni kwamba Wafaransa, ambao kwa desturi hupenda estrojeni ya kupaka kwenye ngozi na projesteroni iliyosagwa laini sana inayofanana na ya mwilini, waliwafuatilia wanawake zaidi ya 80,000, wengi wao walimu kama nyinyi, na taarifa yao ya mwaka 2008 ikasema kwamba waliotumia estrojeni pamoja na projesteroni hiyo hawakuonyesha nyongeza ya saratani ya matiti, waliotumia didrojesteroni, mmoja wa wale binamu wa maabara, walionyesha ndogo, na waliotumia projestojeni nyingine za kutengenezwa walipanda kwa takriban asilimia 69. Tangu hapo, madaktari wengi, nami nikiwamo, tukiweza kuipata huandika projesteroni. Hata hivyo siipambi. Ule haukuwa utafiti wa kugawa dawa kwa bahati nasibu. Wanawake walichagua wenyewe pamoja na madaktari wao. Tena walipofuatiliwa zaidi, waliotumia kwa zaidi ya miaka 5 walianza kuonyesha nyongeza kidogo. Titi ni mwanafunzi mwenye kumbukumbu, na miaka anayoitumikia homoni huihesabu.

Na kuna ushahidi mwingine unaonizuia kuiita projesteroni salama moja kwa moja, ambao unatoka kwenye picha za matiti. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana jambo hili halizungumzwi sana, nalo linamhusu kila mtumiaji hata yule ambaye kamwe hatapata saratani.

Katika mamogramu mafuta huonekana meusi, tezi na nyuzinyuzi huonekana nyeupe, na uvimbe wa saratani nao huonekana mweupe. Titi lenye mafuta mengi ni kama usiku usio na mawingu, nyota moja inaonekana. Titi lenye msongamano mkubwa wa tezi ni kama barabara ya Limuru asubuhi ya Julai, ukungu umetanda, nawe umetumwa utafute gari jeupe. Sasa, homoni hulirudishia titi baadhi ya weupe wa ujana wake. Jaribio moja la Marekani la miaka ya 1990, lililoitwa PEPI, lililinganisha picha za kabla ya dawa na za baada ya mwaka 1. Waliokuwa kwenye kidonge bandia hakuna aliyepanda daraja la msongamano. Wa estrojeni peke yake, waliopanda daraja walikuwa asilimia 3.5. Waliotumia estrojeni na medroksiprojesteroni walipanda kati ya asilimia 19 na 24, kutegemea walivyoitumia, na waliotumia estrojeni na projesteroni ya asili walipanda asilimia 16. Mnaona? Afadhali kidogo, lakini titi liliamka vilevile.

Madhara ya ukungu huo yalionekana dhahiri katika utafiti uleule wa 2002. Baada ya mwaka 1 tu, wanawake 9.4 kwa kila 100 wa kundi la dawa mbili walikuwa na picha zenye kasoro za kufuatiliwa, dhidi ya 5.4 wa kidonge bandia; maana yake ni kuitwa tena, kupigwa picha nyingine, kuchomwa sindano ya kupima, na usiku kadhaa wa kuhesabu mabati ya dari. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wakijifariji kwamba saratani za watumiaji wa homoni ni ndogo na za upole. Jaribio hilo lilikuta kinyume: uvimbe wa waliotumia dawa mbili ulikuwa na wastani wa sentimita 1.7, wa wengine 1.5, na robo yao walikuwa tayari na ugonjwa uliotoka nje ya titi, dhidi ya asilimia 16. Ukungu uliwaficha. Habari nzuri ni kwamba ukungu huo hupungua dawa zikiachwa, na nchini Marekani, baada ya mamilioni kuacha vidonge mwaka 2002, saratani mpya za matiti zilishuka kwa takriban asilimia 7 mwaka 2003, jambo lisilo la kawaida kwa ugonjwa uliokuwa ukipanda miaka mingi.

Kwa hiyo, mama ukianza dawa mbili na baada ya wiki chache matiti yakaanza kuuma kama ya msichana, usilipuuze na wala usilikimbie. Mwambie daktari wako. Wachunguzi wamehusisha maumivu mapya ya namna hiyo na ongezeko la msongamano, na mara nyingi kipimo kinaweza kupunguzwa au projestojeni kubadilishwa.

Zile aina nyingine nitazipitia haraka. Krimu na vidonge vya estrojeni vinavyowekwa ukeni kwa ajili ya ukavu, maumivu ya tendo la ndoa na mkojo wa mara kwa mara vina kipimo kidogo sana, kiwango cha estrojeni katika damu hakibadiliki sana, na tafiti kubwa hazikuona nyongeza ya saratani ya matiti. Inaniuma kuona mama akiteseka miaka 10 kwa kuiogopa krimu hiyo. Kibandiko na jeli vina faida kubwa juu ya kidonge kwa upande wa mgando wa damu, kwa kuwa havipitii kwenye ini kwanza, lakini kwa upande wa titi sijaona ushahidi kwamba ngozi inalindwa kuliko mdomo. Koili yenye homoni huulinda uzazi vizuri, na sehemu kubwa ya dawa yake hubaki hapohapo, ingawa utafiti wa Denmark wa mwaka 2024 uliona nyongeza ndogo ya saratani ya matiti kwa watumiaji. Tiboloni, kidonge kimoja chenye tabia za homoni kadhaa, hailiamshi titi sana kwenye picha, na kwa sababu hiyo kuna wakati ilidhaniwa ingewafaa hata waliowahi kuugua saratani ya matiti. Ilijaribiwa kwao, na jaribio likasimamishwa mwaka 2007 kwa kuwa saratani zilirudi kwa wingi zaidi. Uswidi nayo ilikuwa imesimamisha jaribio la homoni za kawaida kwa wagonjwa kama hao mwishoni mwa 2003, kwa sababu ileile. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, basi, atafutiwe njia isiyo ya homoni kwanza, na zipo dawa za kupunguza joto la ghafla ambazo hazina estrojeni hata chembe. Krimu za projesteroni za kupaka mikononi zinazouzwa mitandaoni siziamini kuulinda uzazi, na zile za viazi vikuu ndizo kabisa, kwani mwili hauna uwezo wa kukigeuza kiazi kikuu kuwa projesteroni.

Sasa turudi nyumbani. Mtaniuliza: hizi namba zako zote ni za wazungu, sisi je? Ni swali la haki. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wazungu kweli, na viwango vya saratani ya matiti vya Ulaya vimezidi vya kwetu, kwa hiyo zile 63 kati ya 1,000 msizichukue kuwa zenu. Katika jaribio la Marekani la estrojeni peke yake walikuwamo wanawake weusi zaidi ya 1,600, na kwao pia saratani ya matiti haikuongezeka, ilipungua. Lakini mababu wa wengi wao walitoka Afrika Magharibi, na mimi si mtu wa kudai kwamba Lagos na Murang'a ni kijiji kimoja. Tunalolijua kwa hakika ni haya: kati ya saratani zinazowapata wanawake wa Kenya, ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi, na wagonjwa wetu wengi mno hufika ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya 3 au ya 4. Faibroidi hutusumbua sana, kwa hiyo wengi humu mmeshatolewa kizazi na mnastahiki kujua kwamba mzani wenu ni tofauti na wa jirani yenu. Na joto la ghafla halituachi mapema. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake wa rangi mbalimbali ulikuta kwamba linadumu takriban miaka 7 kwa wastani, na kwa wanawake weusi miaka 10. Mtu anayemwambia mama avumilie tu hajui anamwomba avumilie kwa muda gani.

Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuondoa yale maonyo mazito yaliyokuwa kwenye pakiti za homoni tangu enzi za utafiti ule, likiwamo la saratani ya matiti, na ujumbe huo ukazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ukiwa umefupishwa kuwa homoni sasa ni salama. Wengi hawakusoma hadi mwisho. Onyo moja liliachwa mahali pake: lile la saratani ya utando wa uzazi kwa mwenye kutumia estrojeni peke yake akiwa bado na kizazi.

Na hilo linanirudisha kwa mama yangu wa bahasha ya kaki. Tulipompiga picha, utando wake wa uzazi ulikuwa umenenepa kupita kiasi. Tukachukua sampuli, na tukashukuru kwamba haikuwa saratani. Nilimweleza kwamba anahitaji projesteroni juu ya estrojeni yake, na nikamweleza pia, kama nilivyowaeleza nyinyi, kwamba dawa hiyo itakayoulinda uzazi wake ndiyo itakayoligusa titi lake. Alinitazama kwa muda, akasema, "Daktari, kwa hiyo unaziba paa sebuleni unatoboa chumbani." Nilicheka, lakini sikuweza kumkanusha. Tulikaa na karatasi, nikamchorea wanawake 1,000, tukaangalia wembamba wake, ukoo wake usio na saratani ya matiti, usingizi wake, kazi yake. Akachagua kuendelea kwa kipimo cha chini na projesteroni ya asili, kwa makubaliano kwamba tutalifungua swali hili upya kila mwaka. Mamogramu tuliipiga kabla ya kidonge cha kwanza cha projesteroni, ili iwepo picha isiyo na ukungu ya kulinganishia. Ya pili ni mwezi ujao, na safari hii dada yake, ambaye yuko likizoni Nairobi, amesema atamsindikiza.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali, hata ya wale watatu wa mlangoni.